Pumzi za Kubuni

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare, Kibonge alitakiwa kupuliza kwa nguvu kwenye kifaa cha kupimia pumzi, asome namba na kuiandika daftarini. Kisha avute dawa yake ya kuzuia pumu. Mwezi mzima hakufanya hivyo hata siku moja. Aliketi kitandani, akaandika 300, akaenda zake kunywa chai.

Si kwamba alikuwa mtundu. Alikuwa amechoka tu. Darasani walimwita Kibonge mpaka jina likamganda. Mama yake, fundi cherehani, alikuwa ameifumua na kuipanua sketi ya shule ya bintiye mara tatu mwaka huo. Kifua kilipopiga miluzi Kibonge alisema ni mafua. Hakulia wala hakukasirika. Moyo ulikuwa umekufa ganzi.

Siku ya kliniki, muuguzi alilipitia daftari, akacheka kidogo.

"Mwanangu, mapafu yako yana nidhamu ya jeshi! Mia tatu siku zote thelathini?"

Akachukua kifaa cha kupimia, akampa Kibonge.

"Kwa namba hizi daktari angekupunguzia dawa. Hebu puliza."

Akapuliza. Mshale ukakomea 180. Mama, aliyekuwa ameketi kando, akashika mdomo.

"Nilibuni," Kibonge alisema, kama anayesoma tangazo. "Na dawa sivuti. Hata nikivuta nitabaki bonge tu."

Muuguzi akavuta kiti karibu. "Sikiliza. Mwili una kinga, yaani askari wa kupigana na magonjwa. Mafuta yakizidi mwilini, hutoa kemikali zinazowachokoza askari hao. Wanahangaika hata pasipo na adui, na njia za hewa zinaweza kuvimba. Ndiyo maana pumu yako ni kaidi. Hujakosea kuwa mnene. Lakini dawa hupunguza uvimbe, na kutembea kila siku kutakusaidia."

"Tutatembea wote," mama alisema. "Hata mimi, kukaa kutwa kwenye cherehani kumeninyima miguu."

Kesho yake asubuhi Kibonge alipuliza, akaandika 190, akavuta dawa. Mama akachungulia daftari.

"Ni ndogo," Kibonge alisema.

"Ndogo, lakini ni ya kweli. Hii daktari ataitibu. Ile mia tatu ingekuua, mwanangu, huku mimi nakuangalia."

Kibonge akafunga daftari. Ndipo machozi yakamtoka, ya kwanza tangu mwaka uanze.