Nilimpiga Mdogo Wangu kwa Kusema Mabomba Yanagongana

Nina miaka arobaini na tisa, fundi mitambo, mzaliwa wa Muheza, mtoto wa mkata mkonge aliyeshuka kutoka Lushoto kutafuta kibarua. Mkono wangu wa kulia ni mwepesi kupiga tangu utotoni. Nawaandikia haya kwa mkono huohuo, na msije mkanionea huruma.

Baba alipofariki alituacha wawili, mimi na mdogo wangu Zakaria, tuliopishana miaka kumi na minne. Mama aliniambia palepale makaburini, "Huyu sasa ni mwanao." Basi nikamlea kwa makofi, nikadhani ndiyo malezi. Alipomaliza chuo cha ufundi nikamtafutia kazi kiwanda cha mafuta ya kula, Tanga mjini, ambako mimi nilikuwa msimamizi wa mafundi.

Tulikuwa tunatunza kipozeo. Kwa msioujua mtambo huo, ni pipa refu la chuma lililolazwa, na ndani yake yamepangwa mabomba membamba zaidi ya mia. Mafuta ya moto hupita ndani ya mabomba, maji baridi hupita nje yake, mafuta yakapoa. Mabomba hayo hushikiliwa na sahani za chuma zenye matundu. Sahani zikiachana mno na maji yakaja kwa kasi, mabomba huanza kucheza, yakagongana na kujikata polepole pale yanapopenya kwenye matundu.

Sasa meneja akaleta pampu kubwa zaidi ili tuzalishe zaidi. Siku ileile kipozeo kikaanza kulia... mlio mzito wa kukera meno, hata sakafu ikawa inatetemeka. Zakaria akaweka ncha ya bisibisi kwenye pipa na mpini sikioni, kama nilivyomfundisha mwenyewe. Akasema, "Kaka, mabomba yanagongana humu. Tupunguze maji kwanza. Halafu tuongeze sahani katikati, na pale maji yanapoingilia tuweke bamba la kuyavunja kasi."

Alisema kweli tupu. Lakini aliisema mbele ya meneja, kabla yangu mimi mkubwa wake! Nilimzaba kofi helmeti ikaruka mpaka chini ya pampu. Wenzetu walitazama pembeni, maana walinizoea.

Kuongeza sahani kungesimamisha kiwanda zaidi ya wiki. Mimi nikamwahidi meneja siku moja tu. Tukalivuta nje fungu zima la mabomba, na kwa macho yangu haya nikaona mabomba yalivyokwisha kulika kwenye matundu, yanang'aa kama kisu kilichonolewa. Nikanyamaza. Nikaagiza mkonge, nikasokota kamba nene kama alivyosokota marehemu baba, nikazishindilia katikati ya mabomba, safu kwa safu, mpaka hakuna lililoweza kugusana na jirani yake.

Tulipowasha, kimya. Meneja akanipa mkono, akaniita profesa wa mkonge, nami nikavimba kichwa.

Jamani, mimi ni mtoto wa shambani! Nimekulia kwenye harufu ya mkonge uliooza kwenye mitaro ya maji machafu. Nani angeniambia mimi kwamba mkonge haukai majini? Nilijua. Nilitaka sifa ya siku ile, basi.

Wiki zikapita. Asubuhi moja, saa nne hivi, nikamkuta Zakaria ameinama na bisibisi lake sikioni. Akasema polepole, akiniangalia mkono, "Kaka, ule mlio umerudi. Na sasa unagonga."

Nilikuwa nimeshika spana. Nilimpiga nayo mdomoni. Meno mawili yakaanguka sakafuni. Akainama, akayaokota, akayatia mfuko wa ovaroli. Nikamwambia nikimwona tena na bisibisi pale nitamvunja mkono, kisha nikamwamuru abaki kukaza boliti za mfuniko wa kipozeo, uliokuwa umeanza kudondosha maji. Akabaki. Damu ilikuwa inamtiririka kidevuni naye anakaza boliti.

Sijafika hatua ishirini, bomba likakatika ndani. Maji yakakutana na mafuta ya moto. Aliyewahi kudondosha maji kwenye karai la maandazi anajua kinachotokea, na lile karai letu lilikuwa limefungwa. Mfuniko uling'oka, boliti zikaruka ukutani, kishindo kikaniangusha kifudifudi. Nilipoinua kichwa nikamwona Zakaria anatoka kwenye mvuke anatembea, mikono mbele, ngozi ya uso inaning'inia. Alikuwa anaita, "Kaka... kaka..."

Macho yote mawili yakaharibika.

Ningeishia hapo ningekuwa na nafuu. Siku ya tano akaja mkaguzi kutoka makao makuu ya kampuni, akasimama wodini kando ya kitanda na karatasi zake. Zakaria alikuwa kafungwa bandeji kichwa kizima, hatingishiki, tukadhani hajitambui. Mkaguzi akauliza nani aliweka mkonge ndani ya kipozeo. Nikasema ni huyu hapa, nilimkataza akafanya kwa siri. Meneja, yuleyule aliyeniita profesa, akageukia dirishani. Zakaria akafukuzwa kazi akiwa bado kitandani, mafundi waliojua ukweli wakaniogopa, na jina lake likawa mfano wa uzembe kiwanda kizima.

Mama alimuuguza Muheza miaka miwili. Kila Jumapili nilipeleka sukari na sabuni, na mama akanisifu kwa majirani. Sifa zile zikanishinda kubeba. Jumapili moja baada ya ibada nikapiga magoti uani, nikamweleza mama yote, kofi, spana, mkonge na uongo wa wodini. Mama hakulia. Alichukua mchi wa kinu akanipiga begani mpaka mfupa ukalia, akainua tena.

Zakaria akasema kutoka mkekani, "Mama, mwache. Mimi nilijua siku nyingi."

Nikamuuliza alijuaje.

"Niliungua macho, kaka. Masikio nilikuwa nayo. Nilikusikia pale wodini."

Nikamuuliza, sasa kwa nini hukusema? Akajibu, "Nilishapigwa kwa kusema."

Kesho yake nilikwenda makao makuu na bega langu limefungwa kitambaa, nikaandika ukweli wote na kutia sahihi. Jina lake likasafishwa, mimi nikaondoka kazini. Macho hakuna aliyeweza kumrudishia.

Mafundi wenzangu, mtambo ukilia msiuzibe mdomo. Punguzeni kasi ya maji, ufungueni, muwekee mabomba mashikio ya kutosha, hata kiwanda kikilala mwezi. Na nyinyi mliopewa wadogo muwalee, nawasihi, mtoto akisema jambo msikilizeni mikono ikiwa chini. Siku hizi naishi Muheza, mimi ndiye ninayemwogesha Zakaria kila asubuhi. Haoni kitu. Lakini nikiinua mkono kuchukua kopo la maji, akisikia tu shati langu, anajikinga uso.