Kiganja cha Najma

Kila alasiri Najma alirudi kutoka shuleni, akavua sare, akabandika karai la mafuta na kuanza kukaanga samaki. Mama yake hutoka na samaki wa mwanzo kwenda kuuza sokoni, na hurudi giza limeshaingia. Tangu wahamie Kunduchi, Najma hakuwa na wa kuzungumza naye ila mdogo wake Khalfani, ambaye hata kusema hajajua. Ng'ambo ya ua wasichana walicheza rede, wakirushiana mpira na kuukwepa. Hakuna aliyemwita.

Siku moja mama aliacha agizo. Khalfani hakulala vizuri. Mwili wake ukipata joto, Najma asingoje mama arudi, ampeleke zahanati.

Najma akainuka kwenye jiko, akamgusa mtoto kwenye paji la uso. Akamwona wa kawaida, akarudi kugeuza samaki. Lakini Khalfani alikataa uji, na hata kulia hakulia. Alimtazama dada yake kwa macho mazito. Najma akanawa mikono kwa maji ya mtungini, akamgusa tena. Sasa alikuwa wa moto sana.

Mkono uleule, majibu mawili. Aamini lipi? Akatazama mlangoni. Hakuingia mtu.

Basi akaipua karai, akambeba mtoto hadi nyumba ya jirani, kwa Mama Hope, muuguzi mwenyeji wa bara. Hawakuwahi kuzungumza zaidi ya salamu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mtoto ana nini?"

Najma akaeleza. Mama Hope hakumcheka. Alikung'uta kipimajoto cha kioo, akakibana kwapani mwa mtoto, akamshika mkono taratibu mpaka kikawa tayari. Kilionyesha nyuzi thelathini na tisa. Akamtuma binti yake Hope akafunike samaki wasiliwe na paka, kisha wakaenda zahanati. Ilikuwa malaria, nayo iliwahiwa.

Jioni, Khalfani akiwa amelala, Mama Hope alimwambia Najma, "Kiganja chako kilitoka motoni, ndiyo maana mtoto ukamwona amepoa. Kilipotoka kwenye maji ya baridi, ukamwona anaungua. Kiganja kikutie shaka tu, jibu litoke kwenye kipimo. Na shaka usikae nayo peke yako, mwanangu. Mlango wangu ni huu."

Kesho yake Najma alikuwa jikoni aliposikia sauti juu ya ua.

"Najma! Samaki wako nilikulindia mie jana. Ukimaliza kukaanga, njoo, tumepungukiwa mtu kwenye rede."