Turubai la Chimala

Mchele wa Chimala una sifa mbili: unanukia, na wanaouuza hawajui kunyamaza. Asubuhi ile ya mwaka 1956 barabara kuu ilikuwa imezibwa na malori, mbuzi, baiskeli na akina mama wenye madebe vichwani. Katikati ya vurugu hiyo dereva mmoja kijana alisimama juu ya magunia, kaptura yake ya kaki imepigwa pasi hadi ingeweza kukata mkate, nywele zimepasuliwa njia pembeni, akipanga mzigo na kuwatania wapagazi.

Huyo ni Tadeo, Mhehe wa Iringa. Alikuwa amesoma sekondari miaka miwili, kisha akaacha kwa sababu, kama alivyosema mwenyewe, vitabu havina usukani.

Kando ya lori likapita gauni la maua ya njano.

"Dada wa maua," akaita, "ukitembea hivyo mchele wote huu utajipika wenyewe."

Gauni likasimama. Mwenye gauni aliitwa Ikupa, Mnyakyusa, mwalimu wa darasa la kwanza misheni ya Mbeya. Kichwani alifunga leso nyeupe, miguuni raba zilizopakwa chaki, na mkononi alimshika mtoto wa kike wa miaka saba. Macho yake yalizoea kunyamazisha darasa zima bila kiboko. Akamtazama Tadeo kwa macho hayo.

"Shuka chini ndipo uongee na watu."

Tadeo akashuka. Hata yeye alijishangaa.

"Kaka, wewe ni mtu wa barabara hii," Ikupa akasema. "Natafuta yeyote anayekumbuka lori lililotoka Iringa, likakwama hapa mwaka arobaini na tisa. Mama mmoja alijifungua ndani yake. Tangu asubuhi nauliza, watu wananiuzia mchele tu."

Tadeo akacheka, akajifuta jasho. "Lori hilo? Dereva wake ni baba yangu. Alimzalisha yule mama juu ya magunia, turubai limefungwa kama ukuta. Mpaka leo anajiita mkunga. Kila Krismasi lazima tuisikie upya, na kila mwaka mtoto anazidi uzito."

Ikupa hakucheka. Alimvuta mtoto mbele yake, akamwekea mikono mabegani.

"Ndiye huyu," akasema. "Anaitwa Tupokigwe."

Tadeo, ambaye hakuwahi kukosa neno tangu ajue kusema, akachuchumaa na kumpa mtoto mkono. "Shikamoo," akamwambia mtoto. Alikuwa amechanganyikiwa kiasi hicho.

Aliwapeleka Mbeya kwenye lori lake, mtoto katikati, na njiani Ikupa alimweleza. Mama wa Tupokigwe alikuwa mke wa kibarua wa mashamba ya chai. Mume alikufa, naye akawa anarudi kwao ng'ambo ya Tunduma na mimba kubwa. Alijifungua Chimala, akafia hospitali ya misheni huku Mbeya, na mama yake Ikupa, aliyekuwa muuguzi pale, akamlea mtoto. Sasa muuguzi naye amefariki, Ikupa ndiye mama.

"Mwezi uliopita nilitaka aingie darasa la kwanza. Wakaniuliza cheti cha kuzaliwa, kwa kuwa wazazi walikuwa wageni. Hana. Nikaenda bomani. Bwana shauri, yule Mzungu wa wilaya, akapeleka swali ng'ambo, wakajibu hawamjui. Huku wanasema hakuna anayethibitisha kwamba alizaliwa Tanganyika. Kwa hiyo hana nchi, kaka. Mwisho wa mwezi gari linapeleka watu mpakani, naye yumo."

"Watamkabidhi kwa nani?"

"Hilo swali niliuliza. Karani akatazama dirishani."

Tadeo akabadilisha gia, akawapita ng'ombe barabarani bila hata kuwapigia honi. "Mzee wangu atakuja," akasema mwishowe. "Na akianza kuieleza, bwana shauri mwenyewe ataomba apumzike."

Tangu siku hiyo lori la Tadeo likawa na ugonjwa wa ajabu. Kila lilipofika Mbeya lilihitaji kupoza injini, na injini yake ilipoa vizuri tu mbele ya nyumba ya mwalimu mmoja. Mara alete viazi vya Iringa, mara asali, mara hana kitu ila kamwene yake, ile salamu ya kwao.

"Leo umeleta nini, Mhehe?" Ikupa huuliza, amekaa kibarazani akisahihisha kazi za watoto.

"Nimejileta."

"Kimo chako na mfuko wa viazi, bora viazi."

"Sema utakavyo, mla ndizi. Mtoto ananipenda."

"Mtoto anapenda honi."

Tupokigwe alipenda honi kweli, lakini alipenda zaidi kuwaona hawa wawili wakibishana, maana wakibishana walisahau kumtuma maji.

Jioni moja baridi inashuka kutoka mlima Loleza, Tadeo akavua kofia yake ya pama. "Ikupa, kipenzi, nina neno halina utani. Nataka kukuoa. Mtoto namtaka pia, nimeshamzoea."

Ikupa alivuta mtandio, akatazama chini, na tabasamu likamponyoka upande mmoja. "Alhamisi unamleta shahidi bomani, sivyo?"

"Namleta."

"Siku hiyo utapata jibu langu. Litazame vizuri, maana sitalirudia."

Tadeo aliondoka akipiga honi hadi mtaa mzima ukafungua madirisha. Ikupa alikaa pale pale kibarazani. Moyoni alikuwa ameshakuwa mke wa mtu.

Alhamisi Mzee Liberatus alishuka lorini akiwa na koti refu la jeshi, viatu vinameta, rozari shingoni. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, na alikuwa amefanya mazoezi ya ushahidi wake tangu Iringa. Sharti la bwana shauri lilikuwa moja: dereva aliyemleta mtoto na msichana aliyempokea hospitalini wawe chumba kimoja, kila mmoja amtambue mwenzake. Msichana huyo alikuwa Ikupa. Siku ile mama yake alikuwa na mgonjwa, yeye ndiye aliyenyoosha mikono akapokea mtoto. Lakini sharti hilo Ikupa hakulijua. Alidhani wataitwa mmoja mmoja.

Alikuwa amekaa na mtoto kwenye benchi la veranda karani Sedekia alipotoka. "Binti, ingia. Na wewe mzee, panda huku, muingie pamoja."

Mzee Liberatus akapanda ngazi, mikono wazi, meno yote nje. "Kamwene, mwanangu. Ndiye wewe?"

Ikupa aliinua macho mara moja tu. Kisha akajifunika uso kwa mtandio, akaruka ukuta mfupi wa veranda, raba moja ikabaki, akapita kwenye maua ya serikali na kutokomea nyuma ya boma. Watu waliokuwa wakingoja kulipa kodi na kusikilizwa mashauri walisimama wote. Mzee alibaki na mikono yake wazi kama mtu aliyeangusha mtungi.

"Tadeo," akasema polepole, "ninanuka?"

Bwana shauri alitoka, akaona raba moja. Akasema kwa Kiswahili chake cha kupimapima kwamba shahidi mmoja hatoshi, na gari la mpakani linaondoka Jumatatu.

Tadeo alimrudisha mtoto, akamkuta Ikupa nyumbani, mlango umefungwa, analia ndani.

"Fungua, Ikupa."

"Yupo na wewe?"

"Yupo garini."

"Basi sifungui. Mwondoe kwanza."

"Nimwondoe? Mzee katoka Iringa kwa ajili ya mtoto wako. Kwetu binti humpigia goti mzee na kumwamkia. Wewe umemkimbia kama fisi mbele ya boma zima."

"Tadeo, hukuliona jibu langu?"

"Nimeliona. Lilikuwa na mguu mmoja wa raba." Akaitazama ile raba mkononi. "Mimi ungenikataa tu kwa maneno, ningekwenda zangu. Lakini mtoto alikukosea nini?"

Tadeo akaiweka raba kizingitini, akaondoa lori bila kugusa honi. Tupokigwe, aliyekuwa ameisubiri, alitazama vumbi hadi likalala.

Kesho yake Ikupa alikuwa posta, macho yamevimba, lakini leso imenyooshwa na raba zimepakwa chaki upya. Aliomba simu ya Iringa, gereji anakolaza lori lake Tadeo. Nyuma yake foleni ilikuwa ndefu, na hakuna aliyeficha kwamba anasikiliza.

Kule Iringa simu ilipokewa na fundi Ambrosi. "Tadeo, kuna mwanamke anakohoa humu ndani."

"Haloo," Tadeo akasema kwa sauti ya mtu aliyenuna na anayetaka ijulikane.

"Ni mimi. Usikate. Wewe Mhehe umepita barabara ya Mbeya muda wote huo, hujaona mke wa Kinyakyusa akikutana na baba mkwe wake?"

"Sijawahi kuwa na haja ya kutazama wake za watu."

"Ungetazama. Kwetu mke haonani na baba wa mumewe. Hamtazami, hamwamkii, jina lake halitaji. Akimwona njiani anajifunika na kupisha, hata kama ni kwenye matope. Ndiyo heshima yenyewe. Mama yangu alinifunza hivyo kabla sijajua kusoma."

Nyuma ya Ikupa mama mmoja wa Tukuyu alikuwa anatikisa kichwa kukubali.

"Mzee yeyote mwingine ningemwamkia vizuri," Ikupa akaendelea, sauti inashuka. "Wazee wote wa dunia nawaamkia. Tadeo, mwanamke wa kwetu anamkimbia mmoja tu. Nilikwambia ulitazame jibu langu."

Simu ilikwaruza. Kule gerejini Tadeo alikaa juu ya tairi.

"Kwa hiyo ile..."

"Ile ndiyo."

"Ulinikubali kwa kuruka ukuta?"

"Na kuacha kiatu. Ungetaka nini zaidi? Nilikusudia kujifunika na kupisha tu, miguu ikaenda yenyewe. Halafu nikamkumbuka mtoto, nikataka kufa." Akavuta pumzi. "Jumatatu wanamchukua. Baba Tupokigwe, mlete yule mtu. Sijui nitafanyaje, lakini mlete."

Tadeo alisikia alivyoitwa. Mafundi wote wakamwona akifuta macho kwa kitambaa cha grisi na kujichora masharubu. Mzee Liberatus, aliyekuwa amekuja kulalamika kwa Ambrosi kuhusu vijana wa siku hizi, alielezwa mara mbili. Mara ya tatu akaanza kucheka hadi koti la jeshi likatetemeka.

"Yaani nilikimbiwa kwa heshima?"

"Kwa heshima, baba."

"Miaka yote hii hakuna aliyenipa heshima ya kasi namna ile." Akasimama. "Leta turubai la lori. Lile lililozaa mtoto litafunga kazi."

Jumamosi asubuhi, ofisi ikiwa wazi kwa nusu siku, turubai kuukuu la kijani linalonuka oili na pumba liliingizwa bomani na kutundikwa kwa kamba katikati ya chumba cha bwana shauri, kutoka dirishani hadi kwenye msumari wa kofia yake. Upande mmoja alikaa Mzee Liberatus. Upande wa pili Ikupa aliingizwa kwa mlango wa nyuma, kajitanda hadi machoni. Tupokigwe alipewa kazi: mama atamnong'oneza, naye atapeleka maneno.

"Hii si korti ya kawaida," alisema bwana shauri, akitafuta pa kuweka kofia.

"Wametakiwa wawe chumba kimoja," Tadeo akasema kwa adabu. "Wamo, bwana."

Karani Sedekia alijikohoza ili asicheke.

Bwana shauri alifikiri, kisha akauliza swali la upande wa Ikupa kwanza: siku ya kupokea mtoto, alimwambia nini dereva? Ikupa akanong'ona. Tupokigwe akapita chini ya turubai, akasimama kwa vidole vya miguu, akanong'ona sikioni kwa bwana shauri. Bwana shauri akainua nyusi.

"Na wewe, mzee. Huyo msichana alikwambia nini?"

Mzee Liberatus alikuwa na hotuba ndefu, lakini swali hilo lilimkata. Akaitazama mikono yake.

"Aliniogopesha," akasema. "Mtoto mwenyewe, pengine miaka kumi na minne. Nimebeba kile kichanga tangu Chimala ndani ya shati langu, nasubiri kusifiwa. Akakichukua, nikataka kukigusa mara ya mwisho. Akaniambia, 'Mzee, kanawe kwanza, una oili.' Nikaenda kunawa. Niliporudi walikuwa wameshaingia ndani. Sikumwona tena yule mtoto."

Tupokigwe akageuka kwa bwana shauri. "Ndivyo alivyosema mama. Hakukosea hata kidogo."

Upande wa pili wa turubai mtu alisikika akilia polepole.

Bwana shauri alisema watu wanaotazamana hupeana maneno kwa macho, lakini hawa hawakutazamana. Akachukua kalamu. Sedekia akapiga mhuri, na Tupokigwe akaomba asomewe.

"Mahali pa kuzaliwa: Chimala, Tanganyika," Sedekia akasoma.

"Kwa hiyo gari la Jumatatu liende tu?" Tupokigwe akauliza.

"Liende tu, mama. Wewe ni wa hapa. Mlezi?"

"Andika wawili," Tadeo akasema.

"Hamjaoana."

"Alishajibu. Boma zima lilishuhudia, na maua ya serikali."

Sedekia akamtazama bwana shauri, bwana shauri akatazama dirishani kwenye maua yaliyolala, akatikisa kichwa kwamba sawa.

Wiki chache baadaye lori lilishika njia ya Iringa kwa ajili ya harusi. Mbele walikaa Tadeo na baba yake, Tupokigwe katikati na cheti chake ndani ya bahasha kifuani. Nyuma, juu ya magunia, chini ya turubai, bibi harusi alikaa na shangazi zake, hataki kuonekana. Kati yao kilikuwepo kidirisha kidogo.

Walipofika Chimala, Mzee Liberatus aliomba lori lisimame. Akashuka bombani, akakaa huko muda mrefu na kipande cha sabuni. Alipopanda, aliinyoosha mikono yake mbele ya Tupokigwe, inameta maji, haina hata doa, naye akaishika.

"Mwambie mkwe wangu," akasema, "nimenawa."

Mtoto akageukia kidirisha kupeleka ujumbe. Nyuma ya turubai kikasikika kicheko cha Ikupa, kikaanza kidogo, kisha kikawashinda shangazi waliokuwa wanamnyamazisha. Tadeo akapiga honi, ndefu, na akina mama wa mchele wakampungia.