Taa Zilizopakwa Mafuta

Kila Jumamosi asubuhi, ploti ya kina Mitchelle, jengo la vyumba vya kupanga mtaani Kayole, huamka kwa kelele za mitungi. Mitungi hupangwa foleni kwenye mfereji, bomba la pekee la maji, na ole wake anayeusogeza wa mwenzake. Lakini Jumamosi hiyo kulikuwa kimya. Mfereji ulikuwa umekauka tangu Jumatano, na mitungi ilikaa milangoni mitupu, watu wakipita na kuitazama kwa hasira kana kwamba kosa ni lake.

Mitchelle, msichana wa miaka kumi na miwili, alikuwa akifagia ngazi baba yake aliporudi kutoka kazini. Bwana Nyongesa alikuwa akisambaza mikate kwa maduka ya mtaani. Kila siku alikuwa akitoka kukiwa na giza, akirudi jua likiwa limechomoza, kisha akilala hadi alasiri. Siku hiyo hakwenda kulala moja kwa moja. Alisimama mbele ya gari lake kuukuu, akaziangalia taa. Plastiki yake ilikuwa imefifia na kuwa ya manjano, hata balbu za ndani hazikuonekana.

"Leo nimeponea chupuchupu," alimwambia mkewe, Selpher, aliyekuwa ametoka kumlaki. "Kuna mama alikuwa akivuka barabara na gunia la sukuma wiki. Nilimwona akiwa hapa!" Alinyoosha mkono kuonyesha. "Nilikanyaga breki hadi mikate ikaniangukia mgongoni."

Selpher alishika kifua. "Baba Mitchelle, na taa hizi kesho huendi popote."

"Hata mimi sitaki. Nimeshaongea na Mwanzia, dereva mwenzangu. Atanibebea mzigo wangu kwa gari lake."

"Baba, mimi najua kuzitengeneza!" Mitchelle aliutupa ufagio. "Niliona kwenye simu ya Mama. Zinasuguliwa kwa msasa, halafu zinapakwa dawa, zinang'aa."

Baba alicheka. Kumbe naye alikuwa na vifaa hivyo garini tangu wiki iliyopita, ila usingizi haukumpa nafasi. Alitoa vipande vitatu vya msasa, kimoja kikali, kimoja cha wastani na kimoja laini, pamoja na kikopo cha dawa ya kung'arisha.

"Basi fundi ni wewe," alisema. "Anza na ule mkali, umalize na ule laini. Na pawe na maji kila wakati. Ukisugua kavu, umeharibu. Taa zikipona, sitamsumbua Mwanzia."

Mitchelle alianza kwa mbwembwe nyingi. Alikunja mikono ya sweta na kuwafukuza watoto wadogo wasije wakamvurugia kazi. Mama yake alimpa maji kikombe kimoja, akamwonya asiuguse mtungi wa jikoni kwa sababu hayo ndiyo yaliyokuwa maji ya ugali.

Kikombe kile kiliisha kabla hata taa ya kwanza haijalowa vizuri. Angeweza kwenda kuuliza afanyeje. Hakwenda, maana alikuwa ameshajitangaza fundi, na fundi gani huyo wa kuzungukazunguka na kikombe akiomba maji? Aliendelea kusugua kavu. Vumbi jeupe lilimwingia puani, mkono ukamuuma, akabadilisha mkono. Alipomaliza, taa zote mbili zilikuwa nyeupe kama uji, zimejaa mikwaruzo. Alipaka dawa ya kung'arisha. Wapi! Mikwaruzo ilibaki palepale.

Shirleen, rafiki yake wa nyumba ya chini, alimkuta akikaribia kulia.

"Niaje, Mitch? Woi! Hizi taa zimefanya nini?"

"Usiniulize. Baba atanimaliza."

Shirleen aliziangalia huku na huku. "Si upake mafuta? Miguu yangu ikipauka, Mama hunipaka mafuta na inang'aa mpaka kanisani."

Mitchelle alichukua mafuta ya kujipaka, akapaka kidogo. Weupe ulitoweka pale pale! Alipaka taa nzima, kisha ya pili. Zilimeremeta, balbu zikaonekana. Mabinti wale waligongeana viganja, wakakimbia kwenda kucheza kati, mchezo wa kukwepa mpira, na wenzao.

Alasiri baba aliamka. Alipoziona taa, alishika kiuno.

"Hee! Selpher, njoo uone kazi ya mtoto wako! Hizi si zimekuwa mpya kabisa?" Kisha akatoa simu. "Mwanzia, usijisumbue kesho. Taa zimepona. Nina fundi nyumbani, bwana!"

Mitchelle alitabasamu, lakini tabasamu lile lilimkauka mdomoni. Kweli, taa ziling'aa. Lakini je, zingemulika njia? Alimfikiria yule mama wa sukuma wiki, akamfikiria baba yake akiendesha kwa kasi kwa kuziamini taa zile. Aliogopa kuchapwa, aliogopa kuchekwa, ila hofu ya kesho asubuhi ilikuwa kubwa zaidi.

"Baba," alisema. "Hazijapona. Nilisugua kavu zikaharibika. Halafu nikapaka mafuta ya kujipaka."

Baba alipitisha kidole juu ya taa. Kidole kikarudi na mafuta na vumbi, na nyuma yake ukabaki mstari mweupe.

"Kwa nini ulisugua kavu?"

"Maji yaliisha. Niliona aibu kuja kuuliza." Machozi yalimtoka.

Selpher alivuta pumzi ili agombe, lakini mumewe alimwashiria anyamaze. "Nyamaza kulia, Mitch. Plastiki haijatoboka, kazi yaweza kurudiwa. Shida ni maji tu."

Wakati uo huo, Mama Shirleen, aliyekuwa amenunua maji ya mkokoteni kwa ajili ya nguo za wiki nzima, aliinua karai lake la povu akielekea mtaroni.

"Mama Shirleen, tafadhali usimwage!" Mitchelle alipiga kelele hadi ploti nzima ikageuka.

"Haya maji machafu? Ya nini?"

"Ya taa, Mama Shirleen! Nakuomba."

"Chukua, mwanangu. Leo nimeona mambo."

Waliyachuja kwa kitambaa ili yasiwe na mchanga. Povu la sabuni liliufanya msasa uteleze vizuri. Baba alishika taa ya kushoto, Mitchelle ya kulia. Walianza na msasa mkali, wakafuata na wa wastani, kisha ule laini, wakizimwagia maji bila kuchoka. Safari hii weupe ulilainika hadi ukawa kama ukungu mwembamba. Dawa ilipopakwa na kusuguliwa kwa kitambaa, ukungu ukaondoka, na haukurudi hata baba alipofuta taa kwa kitambaa kikavu mara mbili.

Jua lilikuwa limezama. Baba aliwasha taa, na ukuta wa ploti ukaangazwa kwa mwanga mweupe, safi, hadi nyufa zake zikaonekana. Watoto walishangilia. Mitchelle alihisi kama ametua mzigo wa kuni. Alicheka, akajikuta analia tena, mara hii kwa raha.

"Sasa Mwanzia alale usingizi wake," alisema Selpher, akishusha pumzi ndefu.

Baba alizima taa, akamshika Mitchelle bega.

"Sikiliza, mwanangu. Kuharibu kazi hakunitishi, hata mimi nimeharibu nyingi. Taa mbovu ninayoijua hainiui, kwa sababu nitaenda polepole, au nitabaki nyumbani. Ingeniua taa mbovu ninayoambiwa ni nzima. Ukikosea, niambie mapema, hata kama utaona aibu. Aibu yako itapita, lakini mimi nataka kurudi nyumbani."

Mitchelle aliitikia kwa kichwa. Alfajiri aliamka aliposikia gari likiwashwa, akachungulia dirishani. Mwanga ulitangulia mbele ya baba yake hadi mwisho wa barabara. Akarudi kitandani, akalala fofofo.