Aliyejibu Badala ya Janki

Laptop ya marehemu Janki iliwaka saa saba mchana, siku ya Jumanne, umeme ukiwa umekatika mtaa mzima na betri yake ikiwa imelala peke yake juu ya kabati.

Elisaria aliona taa ndogo ya kijani ubavuni mwa mashine, akaweka bisibisi chini. Huko nje, Mtaa wa Narung'ombe ulikuwa kwenye kelele zake za kila siku: jenereta za wauza vitenge zikinguruma, makuli wakiomba njia kwa matusi. Juu, ghorofa ya pili, ndani ya chumba chake cha ufundi, taa ile iliwaka kwa muda wa kuvuta pumzi tatu, kisha ikazimika. Aliigeuza mashine. Nafasi ya betri ilikuwa tupu. Nafasi ya diski nayo ilikuwa tupu, ila hiyo hakuhitaji kuichungulia, kwa sababu aliyeitoa diski ni yeye.

Tangu siku aliyoitoa hakuwa na usingizi mzuri.

Elisaria alikuwa Mchaga wa Machame, mtu wa makamo, mpole, karani wa zamani wa shirika la umma. Shirika lilipouzwa na watu kupunguzwa, alirudi nyumbani na kiinua mgongo kidogo na saa nyingi za bure. Ndiyo miaka ambayo milango ya biashara ilifunguliwa na kompyuta za mitumba zikaanza kumwagika Kariakoo kutoka Dubai. Akajifunza kuzifungua na kuzifunga. Miaka michache baadaye jina lake lilikuwa limefika hadi maofisi ya Posta: fundi asiyekubali kushindwa.

Jina hilo ndilo lililomleta Mama Shobhana, miezi miwili nyuma. Alikuwa mjane wa Kihindi wa Kisutu, mfupi, mwenye miwani mizito. Alivuka viwanja vya Mnazi Mmoja kwa miguu, akiwa amekumbatia laptop iliyofungwa kwenye shali ya waridi.

"Mwanangu mmoja tu, Janki," alisema siku ile. "Figo zilimmaliza. Wiki za mwisho alikuwa anajifungia kila mchana anarekodi sauti yake humu. Akaniambia, Ba, usisikilize sasa. Nikishaondoka, ukizidiwa, ndiyo ufungue." Ba, ndivyo Janki alivyomwita mama yake. "Nimezidiwa, fundi. Nimebonyeza, haiwaki."

Tatizo lilikuwa dogo mno: kipande cha kumbukumbu kilikuwa kimelegea. Jioni ile ile Elisaria alikisafisha, akakirudisha, mashine ikaamka. Akaona rekodi arobaini na moja, zimepangwa kwa tarehe. Akafungua ya kwanza ili ajue kama ni nzima. Sauti nyembamba ya msichana ikasema, "Ba," kisha maneno machache ya Kigujarati, kisha kikohozi, kisha kacheko kadogo ka mtu anayejicheka mwenyewe. Elisaria akaona haya, kama aliyefungua mlango bila kubisha. Akafunga. Kesho yake angemwita mama.

Kesho yake, kabla hajanywa chai, aliingia Marcelino, meneja wa ofisi moja ya mizigo ya Posta, mteja wake mkubwa kuliko wote. Diski ya laptop yake ilikuwa imekufa na alikuwa na safari saa nane mchana. Elisaria alizunguka Kariakoo yote, hakupata diski ya aina ile. Ilikuwepo moja tu, na ilikuwa mezani kwake, na ilikuwa nzima.

Akajiambia atanakili rekodi kwanza. Mashine ya kunakilia ikasuasua, umeme ukacheza, Marcelino akawa anatazama saa yake. Saa tano na nusu Elisaria akaifuta diski. Hakuna aliyemshikia mkono. Alibonyeza mwenyewe, akaangalia mstari wa buluu ukitembea hadi mwisho, na moyoni akasema potelea mbali, nitapata njia.

Njia haikuwepo. Wiki iliyofuata alimfuata Marcelino, akaomba kuiangalia diski. Barua na picha za ofisi zilikuwa zimekwisha kulalia juu ya kila kitu. Hakuokota hata kikohozi.

Kwa Mama Shobhana alisema, "Mama, diski imeungua." Alipomwona anashika ukingo wa meza, akaongeza, "Lakini najaribu."

Hilo "najaribu" ndilo lililokuja kumtesa. Mama aliliamini. Kila Jumatatu alipanda ngazi zile na kikopo cha chevdo, vitafunio vya Kihindi alivyokaanga mwenyewe. "Kula, fundi. Mtu anayetafuta anahitaji nguvu." Elisaria alikula, mbele yake, akitazama sakafu.

Basi Jumanne ile taa ikawaka. Jumatano ikaja harufu. Alikuwa akilehemu waya, akadhani ni moshi wa kazi yake, lakini haukuwa moshi wa risasi ya kulehemea wala wa plastiki. Ilikuwa samli. Samli iliyoungua, na chini yake kitu kingine kama nywele. Alifungua dirisha, ikazidi. Alhamisi kikasikika kikohozi ndani ya laptop iliyofungwa, kikavu, kimoja. Mteja aliyekuwa amekaa kwenye benchi akasema, "Pole, fundi," akidhani ni yeye.

Jumapili, baada ya ibada, Elisaria aliwaambia wa nyumbani kwamba amesahau kitu dukani. Alitaka kuiondoa mashine ile, aifungie mahali, asiione. Mtaa ulikuwa umepoa, milango ya vyuma imeshushwa, na ngazi zilirudisha mwangwi wa viatu vyake. Alipofungua mlango aliikuta laptop katikati ya meza, ingawa aliiacha rafuni, na kifuniko chake kilikuwa wazi, na kioo, ambacho hakikuwa na umeme wala betri wala diski ya kukipa cha kuonyesha, kilikuwa na mwanga mweupe hafifu uliopanda na kushuka, ukipanda na kushuka polepole kama kifua cha mtu aliyelala, na harufu ya samli ikamjia usoni ya moto kabisa kana kwamba mtu amefungua sufuria, na kabla hajageuza hata mguu mmoja kurudi mlangoni sauti nyembamba ikasema, "Ba," na ikarudia yale maneno machache ya Kigujarati, neno kwa neno, na kikohozi, na kacheko, kisha ikaanza tena, na tena, na kila ilipoanza ilikuwa karibu kidogo zaidi.

Halafu ikanyamaza. Ilipozungumza tena, ilisema Kiswahili.

"Fundi. Umenipangia nyumba nzuri. Nafasi tele."

Elisaria hakukumbuka alishukaje ngazi.

Nyumbani Magomeni, mkewe Theopista alimkuta uani, amekaa juu ya ndoo, shati limelowa. Akamsogelea, akanusa bega lake. "Umekula wapi samli?" Hapo Elisaria akasema yote, tangu diski hadi sauti. Theopista alisikiliza bila kumkatisha, kisha akauliza jambo moja tu.

"Yule mama umemwambia?"

"Bado."

"Sasa mimi unaniambia ya nini?" Akaingia ndani.

Chini ya ngazi za jengo lile la Narung'ombe alikuwepo Fikirini, fundi redio, mtu wa maneno mengi aliyevaa jezi kila siku. Kwao Magomeni watu walimjua kwa kazi nyingine: alitoa majini. Babu yake alikuwa akitoa, na mama yake pia. Elisaria, mwimbaji wa kwaya, alikuwa akimcheka kimoyomoyo kwa hilo. Jumatatu asubuhi alimsubiri mlangoni pake.

"Mambo, Eli? Mbona hivyo?"

"Njoo juu," Elisaria alisema kwa sauti ya chini. "Njoo na vitu vyako. Usiniulize hapa."

Fikirini alipanda na chetezo na ubani, na kwenye ngazi Elisaria akamnong'onezea habari ya rekodi za marehemu alizozifuta. Alipofika kizingitini alisimama, akanusa hewa. Akafukiza, akasoma chini kwa chini, akainamia ile mashine bila kuigusa. Ikakohoa. Akarudi nyuma hatua mbili.

"Huyu si marehemu," alinong'ona. "Usije ukajidanganya ni mzimu wa binti. Ni jini. Wenyewe wanapenda mahali palipohamwa. Uliisikia sauti ya mtoto, halafu ukaitupa nje. Huyu kaiokota, kaivaa, kaingia."

"Mtoe."

"Namtoaje? Kavaa nguo ya watu. Mpaka mwenye nguo aseme: huyu si wangu, simtaki. Mama yake huyo binti. Akishasema, kazi yangu ni ndogo."

"Hajui kama..."

Fikirini akamtazama. "Kumbe! Hujamwambia?"

Kwenye ngazi kulikuwa na hatua ndogo ndogo zinazopanda. Ilikuwa Jumatatu.

"Shikamoo, Mama," Elisaria alisema.

"Marahaba, fundi. Leo una mgeni." Mama Shobhana aliweka kikopo mezani. Kisha pua yake ikacheza, na uso wake ukabadilika. "Nani amechoma samli hapa? Hii harufu..." Akashika nguzo ya mlango. "Hii ni ya siku ile tuliyomchoma Janki kwa kuni na samli."

Elisaria alimvutia benchi. Alipiga magoti mbele yake. Akasema. Diski haikuungua. Mashine iliwaka siku ile ile. Rekodi zilikuwa arobaini na moja. Nilizifuta mimi, Mama, kwa ajili ya mtu aliyekuwa na haraka, na kila Jumatatu nimekudanganya, nimekula chakula chako na kukudanganya.

Mama Shobhana aliketi. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya sari, akaivaa tena.

"Ulisikiliza ngapi?"

"Moja, Mama."

"Alisema nini?"

"Sijui. Ilikuwa Kigujarati."

Akatikisa kichwa taratibu, kama anayejaribu kuelewa bei ya kitu. "Basi wewe ndiye mtu wa mwisho kumsikia mwanangu. Na hukumwelewa."

Elisaria angependa kupigwa. Angependa amwagiwe kitu cha moto. Hakufanyiwa lolote.

Ndipo kioo kikapata mwanga. "Ba," sauti ikasema, na maneno yale machache, na kikohozi, na kacheko.

Mama aliinuka kama aliyevutwa nywele. "Anauliza kama nimekula," alisema. Akaisogelea mashine. "Kila siku aliniuliza hivyo. Yeye mgonjwa, ananiuliza mimi kama nimekula."

Fikirini alikuwa ameona kinachokuja. Akaingia katikati, akisema haraka, "Mama yangu, nisikilize. Huyo si mtoto wako. Ni kitu kibaya kimeiba sauti. Hakijui chochote zaidi ya alichokisikia huyu bwana. Sema tu, huyu si wangu, simtaki. Nakuomba, sema."

"Najua si yeye," Mama Shobhana alisema. "Unadhani mama hajui? Janki alikuwa na pumzi fupi hapa mwishoni, huyu hana. Najua kabisa."

"Basi sema."

Akagusa ukingo wa kioo. "Yeye mmeshanifutia," alisema. "Huyu yupo."

Aliikunja laptop, akaitia kwapani. Fikirini akamshika mkono, akamsihi kwa Mungu wake na kwa wa kwao. Elisaria alisimama mbele ya mlango. Mama hakumsukuma. Alimwangalia tu mpaka akapisha, maana alikuwa na haki gani ya kumzuia mama yule kuchukua kitu chochote? Hatua ndogo ndogo zikashuka ngazi. Harufu ya samli ikashuka nazo.

Jumatatu iliyofuata hakuja. Wala ile nyingine. Kazi za Elisaria zilienda vizuri, meza ilikuwa kimya, lakini kila hatua kwenye ngazi ilimfanya ainue kichwa. Wiki ya tatu, saa tisa alasiri, aliufunga mlango wa duka, akavuka Mnazi Mmoja, akaulizia Kisutu hadi akaonyeshwa jengo.

Mlango ulikuwa ghorofa ya tatu, na kutoka ndani alisikia mazungumzo ya Kigujarati. Sauti nyembamba ilikuwa ikiuliza, nyingine nzito ilikuwa ikijibu, ikieleza kwa kirefu, kwa uchangamfu, kama watu wanaopanga harusi. Aliitambua ile nzito. Alipata nafuu kidogo. Angalau mama alikuwa mzima.

Akabisha. Mazungumzo hayakukatika. Akabisha tena, na mlango ukafunguliwa huku sauti zote mbili zikiendelea kusema mle ndani.

Mama Shobhana alisimama mbele yake. Sari ilimning'inia. Macho yake yalikuwa makubwa nyuma ya miwani, na midomo ilikuwa imepasuka kwa ukavu. Nyuma yake, juu ya meza yenye maua mabichi ya kumkumbuka marehemu, laptop ilikuwa wazi, ikiwaka.

"Shikamoo, Mama," Elisaria alisema.

Mama akafungua kinywa. Midomo ikacheza, koo likapanda na kushuka. Hakikutoka kitu, hata pumzi.

"Marahaba, fundi," sauti yake ikajibu kutoka mezani.

Elisaria alishika ukuta. Alitaka kukimbia na hakukimbia. Lililomleta lilikuwa bado kifuani. "Mama," akasema, akimtazama yeye na si meza, "nimekuja kukuomba msamaha."

"Nimekwisha kukusamehe, baba," ile sauti ikasema, nzito, ya upole, ya kimama kabisa. "Tena siku nyingi. Nenda na amani."

Na Mama Shobhana, machozi yakimtiririka, akiwa ameushika mlango kwa mikono miwili, akamtikisia kichwa: hapana. Hapana. Hapana.