Maneno Juu ya Kichwa cha Awil

Ukumbi wa hoteli ile ya Garissa ulijaa wafanyabiashara walioinua simu, kila mmoja akimmulika mwenzake. Vijana wa teknolojia walikuwa wameleta mtindo mpya wa kufahamiana: ukimwelekezea mgeni kamera, unaona maneno yanaelea juu ya kichwa chake, jina, kazi na anachotafuta. Hinda, muuza maziwa ya ngamia, alikuja kwa sababu aliambiwa aje. Siku hizi mambo yake yote yalikwenda hivyo. Hata kuolewa na Abdow wa Ijara, ambaye wazee wake wangefika Ijumaa kumposa, alikubali kama mtu anavyokubali kikombe cha chai.

Akaielekeza simu kwa mwanamume mrefu mwenye shati jeupe lililopigwa pasi ikakolea. Maneno yakatokea: Awil Kulow. Malori ya mifugo, Banissa. Anatafuta wateja.

Miaka mitatu nyuma, huyu ndiye aliyekuwa amemposa. Hinda alingoja moyo umruke. Haukuruka.

"Unatafuta dereva," Awil alisema, akisoma simu yake. "Nafasi ya kuandika mume hawakukuwekea?"

"Mume nimeshapata."

"Ndiyo maana mkarudisha gabbati yetu."

Gabbati ni mali ya posa. Ikirudishwa, posa imekufa. "Mimi sikurudisha," Hinda alisema polepole. "Ami yangu, Adeer Ogle, aliniambia wazee wenu ndio walioidai."

Awil akashusha simu. "Sisi tuliambiwa umenikataa."

Wakatazamana. Mambo ya gabbati husemwa na wazee, na kumpigia mwenzako simu kumuuliza ni kukosa adabu. Basi wote wawili wakashika adabu zao miaka mitatu.

"Abaayo," Awil alisema, akimwita dada kwa heshima, "nikiwatuma tena wazee?"

"Niulize mimi kwanza."

"Unanitaka?"

Hinda akajipekua moyoni. Humo alikuta ganzi tu, ile ile aliyoizoea. "Furaha sina, Awil, nisikudanganye. Lakini nikiifikiria Ijumaa, nataka uwe wewe."

"Hiyo furaha nitaingoja."

"Huenda isije."

"Nitaingojea nyumbani kwetu, nikinywa maziwa yako."

Hinda hakucheka. Alitoka nje kwenye jua kali, akampigia Ogle, ami yake.

"Adeer, waambie watu wa Ijara wasije."

"Nani kakufundisha kusema hivyo?"

"Hakuna," Hinda alisema. "Safari hii nimeulizwa mimi."