Flashi Chini ya Bwawa la Matinyani

Haya yalimpata rafiki yangu Muthama, mpiga picha wa Kitui, mwaka wa themanini na sita. Kanisa la Matinyani lilimwomba apige picha ya ufa ulio chini ya maji katika ukuta wa bwawa lao, kabla haujawabomokea. Aliazima mtungi wa hewa na kamera isiyoingia maji, akachagua flashi ndogo na kuifunga kwenye chuma kirefu kando ya kamera, maana ukimulika maji ya tope moja kwa moja unapata ukungu mtupu.

Mkewe Kalunde alibaki ukingoni ameshika kamba aliyofungwa Muthama kiunoni.

Chini kulikuwa na giza totoro, na Muthama alisikia pumzi zake tu. Aliupapasa ufa, akauelekezea flashi. Akaihisi ikigeuka polepole yenyewe. Akairudisha, akaikaza kabisa. Ikageuka tena, chuma kikilia kama kucha zinazokwaruza sufuria. Akaikamata kamera kwa mikono yote miwili, akabonyeza, kisha akapanda juu mbio.

"Kalunde, nani ameingia majini?"

"Hakuna mtu. Mbona unauliza?"

Picha ilipooshwa, ukuta ulionekana wazi, na juu yake kivuli cha vidole vya mtu vilivyoishika flashi.